Bandama ya Kitanda cha Nne

Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya tumbo la mzee, chini kidogo ya mbavu za kushoto. Nikamwambia avute pumzi.

Akavuta.

Nikazamisha vidole taratibu kama tulivyofundishwa, nikangoja bandama ishuke inigonge.

Haikushuka.

"Toa pumzi, Mzee. Vuta tena."

Akavuta tena mpaka macho yakamtoka.

Hamna kitu. Tumbo laini kama mto wa sufi.

Nikarudia tangu mwanzo. Maana hilo halikuwa tumbo la hivi hivi. Lilikuwa tumbo la Mzee Usi, mgonjwa wa kitanda cha nne, na bandama yake ilikuwa na jina mjini kuliko wakubwa wengi wa ofisini.

Na mimi nilikuwa ndani ya mtihani.

Ndugu zangu, mmepata kusikia mtu kaibiwa bandama?

Basi kaeni vizuri. Haya yalinikuta mimi Mjaka, mwaka wa sabini, hapa hapa Unguja. Sijayaandika kabla kwa sababu baadhi ya wahusika walikuwa hai, na sipendi kumvunjia mtu heshima akiwa bado anakwenda sokoni.

Chuo chetu cha udaktari sitokitaja jina. Kilikuwa Mji Mkongwe, katika nyumba kubwa ya mawe ambayo mwenyewe aliihama kwa haraka. Ghorofani darsa, chini wodi ya wanaume yenye vitanda ishirini na viwili, na katikati ngazi ya mbao iliyolalamika kila ukiikanyaga.

Madaktari wengi walikuwa wameondoka. Nchi ilitaka wengine, tena upesi. Kwengine mtu husomea udaktari miaka saba. Sisi tulipewa mitatu, na ndani ya hiyo mitatu mlikuwa na gwaride.

Mkidhani natania, alama zenyewe ni hizi, nazikumbuka mpaka leo.

Darsa, thelathini. Wodi, thelathini. Gwaride, ishirini. Shamba, ishirini. Kufaulu ni sitini.

Yaani mtu aliyejua kulima mihogo na kupiga mguu chini alikuwa keshafika arubaini kabla hajajua ini liko upande gani. Simsemi mtu. Lakini mwenzetu Hamad alikuwa na thelathini na tisa za gwaride na shamba, na ini alikuwa akilitafuta kushoto.

Mimi mambo yangu yalikuwa kinyume. Miguu yangu miwili haijapatana mpaka leo. Mwalimu wa gwaride alinipa tatu, akasema moja ni ya kuhudhuria na mbili ni za huruma.

Darsa nilipata ishirini na nne. Shamba kumi na tano. Jumla arubaini na mbili. Nilihitaji kumi na nane za wodi, basi.

Tatizo ni kuwa wodi nilikuwa nimeshaanguka mara moja, mwaka uliotangulia. Mtihani ni nusu saa, na nusu saa ilikwisha nikiwa bado nagonga kifua upande wa kulia.

Ndivyo nilivyo. Kabla ya chuo nilikuwa mfunga vidonda katika kituo kidogo cha tiba kule Mtoni, na nilichokijua nilijifundisha kwa kitabu kimoja kisicho jalada. Nasoma ukurasa, kisha namtafuta mtu wa kumpapasa. Anayejifundisha mwenyewe hana wa kumwambia "hapo sawa", kwa hiyo hurudia mara tatu.

Anayeanguka mara mbili hurudishwa alikotoka. Kanuni haikuwa na mlango wa nyuma.

Na mama yangu, Bi Time, alikuwa keshawatangazia watu wote wa Mtoni kuwa mwanawe ni daktari. Wengine walishaanza kuniletea majipu.

Sasa turudi kwa Mzee Usi.

Alikuwa mkwezi wa minazi, mtu wa Kizimkazi. Mwaka wa sitini na sita aliletwa chuoni na homa za miaka mingi, bandama imemvimba vidole vinne chini ya mbavu. Walimu walifurahi kama waliookota lulu. Bandama ya kufundishia, tena ya mtu mpole!

Tangu hapo, kila ukifika mtihani hupelekewa gari ya chuo imlete mjini. Hulazwa kitanda cha nne siku mbili, akanywa chai ya maziwa na boflo la siagi, akapapaswa, akarejeshwa kwao.

Miguuni mwa kitanda ilining'inia kadi yenye muhuri: BANDAMA, VIDOLE VINNE. Siku ya mtihani kadi hiyo hugeuzwa uso ili tusiione.

Kama vile tusingejua. Hata muuza kahawa wa barazani alijua.

"Umepangiwa kitanda gani?"

"Cha nne."

"Bandama hiyo. Vinne. Kahawa chungu au na kashata?"

Kitu pekee kilichopimwa kwa kweli kitandani pale kilikuwa adabu. Asiyemwamkia Mzee Usi kabla ya kumgusa, mzee humkazia tumbo likawa kama ubao wa mlango.

Mimi nilimwamkia. Na tumbo hakulikaza. Na bandama haikuwepo.

Dakika kumi na mbili zilikuwa zimekwisha.

Nikainua macho kutoka tumboni nikamtazama usoni. Kofia ile ile ya viua. Ndevu zile zile. Nikamwomba afungue kinywa nione ulimi.

Mzee Usi alikuwa na pengo la mbele ambalo ungeweza kupitisha kidole. Huyu alikuwa na meno yote, tena mazuri kuliko yangu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ya pili hii."

"Niwie radhi. Wewe ndiye Mzee Usi?"

Akatazama mlangoni. Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Hapana. Miye Machano. Usi kaka'angu."

"Yeye yuko wapi?"

"Kizimkazi. Anaoza mjukuu leo, na yeye ndo walii, hawezi kukosa. Gari yenu nayo ikaja kumchukua. Ahadi ni deni. Kanambia, 'Machano, nenda ukanilalie.'"

Wa leo mtacheka. Lakini kwetu mtu asiyekuwa na nafasi humtuma ndugu. Hitma utawakilishwa, posa utawakilishwa, kikao cha mirathi utawakilishwa. Mzee Usi aliuchukulia ugonjwa wake kama kikao: la muhimu ni ukoo usikose mtu.

"Na wewe huumwi chochote?"

"Nlikuja mzima." Sauti ikamshuka. "Sasa sijui. Wenzio wanne kabla yako wote wamesema ipo. Yule bibi wa miwani kasema vidole vitano. Vitano, mwanangu! Nshaanza kufikiri wasia."

Bibi wa miwani ni Kidawa. Ndiye aliyekuwa akiongoza darsani, na ndiye aliyenielekeza mimi mambo mengi.

Kidawa kapata vitano? Kwenye tumbo hili?

Nikaweka mkono tena. Upande wa kushoto. Nikamlaza ubavu. Nikagonga kwa kidole nikasikiliza. Tupu.

"Usinisemee, tafadhali," Mzee Machano akaninong'oneza. "Kaka'angu ataaibika. Na gari hawatompelekea tena."

"Sitokusema, Mzee. Lakini na mimi sitosema ipo."

"Wallahi sikujua kama kulala tu kuna mambo hivi."

Kengele ikalia.

Wakaingia wawili. Daktari Taherali, mwalimu wetu mkuu, mzaliwa wa mjini, mmoja wa wachache waliobaki wakati wenzake walipofunga virago. Mtu mwema, mjuzi, lakini siku zile alikuwa akifanya kazi ya watu wanane, na alitembea kama anayekimbizwa na mvua.

Nyuma yake Bwana Mabrouk, katibu wa tathmini. Yeye hakuwa daktari. Alitoka bandarini, alikokuwa akikagua magunia ya karafuu, akaletwa chuoni kwa sababu alijua kukagua. Faili lake hakuliweka chini hata akinywa chai.

"Haya, Mjaka. Umekuta nini?"

"Mzee wa miaka sitini hivi. Hana homa, macho hayana manjano, kifua safi pande zote mbili."

"Pande zote mbili!" akasema Bwana Mabrouk. "Mwaka huu kafika kushoto. Alhamdulillahi."

"Tumbo?" akauliza Daktari Taherali.

"Tumbo laini. Bandama sikuikuta."

Daktari akaacha kuandika.

"Umesemaje?"

"Sikuikuta, Daktari."

Akainama, akaweka mkono juu ya tumbo la Mzee Machano. Huku ameuweka, akamgeukia Bwana Mabrouk wakazungumza kidogo habari ya chaki za darsani ambazo hazijafika. Kisha akaondoa mkono.

"Ipo. Vidole vinne."

Mzee Machano akafumba macho. Midomo yake ikawa inacheza, nadhani shahada.

Daktari Taherali akanitazama kwa huruma. "Mjaka bhai, una dakika moja. Unataka kubadilisha jibu?"

Neno moja tu. Vinne. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na nyuma yake nilimwona Bi Time kavaa buibui jipya anapita nyumba hadi nyumba.

"Sikuikuta, Daktari."

Bwana Mabrouk akachovya kalamu. "Miguu hana, tulijua," akasema huku akiandika. "Kumbe na mikono pia."

Nilipewa sita kati ya thelathini.

Jumla arubaini na nane.

Asubuhi ya Jumanne matokeo yakabandikwa ukutani, pale ngazi inapoanzia. Watano tulifanya, wanne wamefaulu. Hamad alipata themanini na moja. Jina langu lilikuwa chini peke yake, na pembeni yake maelezo kwa wino mwekundu: "Arudi Mtoni."

Nikakaa kwenye ngazi.

Kidawa akaja akakaa daraja moja juu yangu. Hakunipa pole. Alivua miwani akaifuta kwa pembe ya kanga, akaivaa, akaivua tena.

"Mjaka, nkuulize kitu, usinicheke."

"Uliza."

"Jana pale kitanda cha nne. Kweli hukuikuta?"

"Sikuikuta."

Akashusha sauti. "Hata mie."

Nikageuka. "Wewe umeandika vitano!"

"Nlitafuta mpaka vidole vikaniuma. Nikasema, Kidawa, leo mkono umekufa ganzi kwa woga. Wenzangu watasema vinne. Mie nikasema vitano, nisije nikaonekana nimebahatisha."

"Sasa ulipoandika vitano, hukubahatisha?"

"We bwana, niache. Nani atasema bandama ya Mzee Usi haipo? Ipo tangu mwaka wa sitini na sita! Ntakuwa mie nani?"

Hamad alikuwa akishuka ngazi. Akasimama.

"Mnasema bandama gani hiyo?"

Kidawa akavaa miwani.

"Yakhe, kama ile ya jana," akasema polepole, "mie niliitafuta pande zote mbili, isije ikawa nimekosea upande."

"Ukaikuta?"

"Wapi! Nikasema bila shaka imekwenda ndani kidogo."

Kufika saa tano, wale wawili waliobaki nao walishakiri. Mmoja alidhani mzee kashiba. Mwengine alidhani ni kucha zake ndefu. Wanne wamefaulu kwa kuipata, na hakuna hata mmoja aliyeipata.

Mimi nilikuwa nikiijua siri ya Mzee Machano, nikaibana. Nilikuwa nimeahidi.

Lakini siri yenyewe ikaingia kwa miguu yake.

Adhuhuri ilipokaribia, sote watano tuko wodini, Mzee Usi halisi akatokea mlangoni mwa wodi, kanzu ya harusi bado mwilini, mkononi kikapu kidogo cha halwa.

"Hodi! Nshamaliza shughuli. Machano, inuka, nimekuja kukupokea zamu."

Mzee Machano hakuinuka. Alikuwa ameshamezeshwa vidonge vichungu mara tatu tangu jana, kwa amri ya daktari, na uso ulimbadilika rangi.

"Kaka, usinisogelee," akasema. "Nimeshikwa na maradhi yako."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Muuguzi akaenda kumwita Daktari Taherali, na Bwana Mabrouk akaja bila kuitwa.

Wazee wawili, kofia moja, ndevu moja. Mmoja kitandani, mmoja kasimama na halwa.

Daktari alitazama huyu, akatazama yule. Nikaona uso wake ukishuka polepole kama pazia lililokatika kamba.

"Jana alikuwa nani hapa?"

"Miye, Daktari," Mzee Machano akasema. "Nisamehe. Na bandama yenyewe mmenikuta nayo, basi nisaidieni."

Bwana Mabrouk ndiye aliyepata sauti kwanza. Alikuwa mtu wa maamuzi, simnyimi hilo.

"Hakuna kilichoharibika. Matokeo yameshabandikwa, na karatasi ikishabandikwa haibanduliwi. Hawa wanne walitaja maradhi ya kitanda cha nne, na kitanda cha nne ni bandama. Wamepata."

"Bwana Mabrouk," akasema Kidawa, "alolala hapo hakuwa na bandama."

"Hilo kosa la alolala."

Akafungua faili. "Aliyebaki ni huyu Mjaka. Nisije nikaambiwa nimemdhulumu. Mgonjwa halali huyu hapa kaja. Apimwe sasa hivi, mbele yetu, tumalize."

Mlango wa nyuma ambao kanuni haikuwa nao, Bwana Mabrouk kaufungua mwenyewe!

Mzee Machano akashuka kitandani, Mzee Usi akapanda na kanzu yake ya harusi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Karibu tumboni."

Wenzangu walijipanga nyuma. Kidawa, kwa kuninusuru, akanionyesha vidole vinne pembeni ya paja lake. Hamad akanionyesha vinne kwa uwazi kabisa, kama anayenunua mkate.

Nikaosha mikono. Nikaipasha moto kwa kuisugua. Nikaweka.

"Vuta pumzi, Mzee."

Akavuta.

Nikangoja.

Nikashuka chini zaidi, karibu na kitovu, nikapanda tena taratibu. Nikamlaza ubavu. Nikagonga. Nikasikiliza. Nikaanza upya.

"Nusu saa haitotosha," akasema Bwana Mabrouk.

Hakuna kitu.

Niseme ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika. Siku ya Jumatatu nilikuwa jasiri kwa kuwa niliona pengo halipo. Mwenye siri huwa jasiri bure. Jumanne sikuwa na siri yoyote. Aliyelala ndiye Mzee Usi mwenyewe, pengo lake, sauti yake, na kadi yenye muhuri nyuma ya miguu yake. Walimu wote waliipata, miaka minne. Mimi ni mfunga vidonda wa Mtoni mwenye kitabu kisicho jalada.

Na vidole vyangu viliniambia haipo.

Kwa mara ya kwanza nikamwelewa Kidawa. Nikaviona vidole vyangu havina maana. Nikafungua kinywa niseme vinne.

Kisha nikakumbuka kuwa kuna mtu mmoja hapa hatujamuuliza.

"Mzee Usi," nikasema, "wewe mwenyewe unaiona bandama yako?"

Mzee akacheka mpaka pengo likaonekana lote.

"Ipi, mwanangu? Ile nshapona zamani!"

"Lini?" nikauliza.

"Mwaka wa tatu huu. Nlikunywa vile vidonge mlivonipa nikavimaliza vyote, na watu wa kupuliza dawa ya mbu wakapita kwetu. Homa zikakatika. Bandama ikawa inapungua, inapungua, mpaka siku moja nakaa kula nikaona fundo la shuka linanifika kiunoni, tumbo halilizuii tena."

"Na hukusema?" Daktari Taherali aliuliza kwa sauti ndogo sana.

"Kumwambia nani, Daktari? Gari hiyo imekuja. Mnanilaza, mnanipapasa, mnasema ipo, vidole vinne. Watu wamesoma. Nimwambie daktari muongo, nyumbani kwake, nami nakunywa chai yake?"

Akainuka kitako, akaweka sawa kofia.

"Ndo maana nikamtuma Machano. Nikasema, kama ni bandama isiyokuwepo, hata yeye anayo."

Mzee Machano, aliyekuwa amejibanza ukutani, akauliza, "Kwa hiyo mie mzima?"

"Mzima, mpumbavu we. Njoo ule halwa."

Daktari Taherali akasogea kitandani. Hakuzungumza habari ya chaki. Akavua saa, akapandisha mikono ya shati, akaweka mkono juu ya tumbo la Mzee Usi, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa sijawahi kumwona ametulia.

"Haipo," akasema.

Kisha, bila kututazama: "Na jana pia sikuikuta. Nikajiambia nimechoka."

Bwana Mabrouk alikuwa amesimama na kalamu juu ya karatasi. Wino ukadondoka.

"Daktari, mimi niandike nini? Kadi ina muhuri. Makundi mawili yamefaulu kwa bandama hii. Wako makazini, Unguja na Pemba, wanatibu watu!"

"Najua."

"Bandama haiwezi kuondoka hivi hivi bila barua!"

Hakuna aliyecheka, ingawa Hamad alitoka nje kwa kikohozi.

"Huyu Mjaka je? Kafaulu au hakufaulu? Kama bandama ipo, hakufaulu. Kama haipo, mtihani haukuwepo."

"Andika unavyojua," akasema Daktari. "Mie nna kazi."

Bwana Mabrouk akawaza sana. Mwisho akakata "Arudi Mtoni", na juu yake akaandika kwa penseli: "Inangojewa bandama."

Naapa ndivyo alivyoandika.

Daktari Taherali yeye alianza kitanda cha kwanza. Akaifungua kadi kwenye uzi wake, hakuisoma, akaitia mfukoni mwa koti. Cha pili, cha tatu. Akaenda mpaka cha ishirini na mbili, mfuko umevimba kwa kadi.

Akarudi akasimama mbele yetu watano.

"Mjaka, ulichukua muda gani kwa Mzee Usi?"

"Dakika arubaini na tano, Daktari."

"Basi tutachukua hizo. Kitanda kimoja kimoja. Kila mtu anaweka mkono, anaandika alichokikuta, haonyeshi mwenzake. Mimi pia ntaandika. Kadi tutaisoma mwisho."

Mzee Usi akauliza kama na yeye aondoke au abaki kwa ajili ya chai. Akaambiwa abaki.

Kitanda cha kwanza kadi ilisema pafu la kulia. Sote sita tuliandika la kushoto. Daktari akakaa kidogo kwenye ukingo wa kitanda, akainuka.

Kitanda cha sita kadi ilisema homa ya matumbo. Mgonjwa alisema yeye alishapona wiki tatu, ila hakuna aliyemwambia aende, akaona si adabu kujiaga.

Kitanda cha saba kadi ilikuwa sawa. Tulifurahi kama watoto wa Idi.

Watu wakiisikia hadithi hii huniambia, wewe ulikuwa na mikono kuliko wenzako. Si kweli, na sipendi kusifiwa kwa nisilolifanya. Mikono yetu ilikuwa mamoja. Vidole vya Kidawa vilisema kweli, vya Hamad vilisema kweli, vya Daktari vilisema kweli. Wenye vidole ndio waliovinyamazisha, kila mmoja kwa heshima ya mwenzake aliyetangulia, na huyo wa mbele naye alikuwa kavinyamazisha vyake. Chuo kinaweza kukupima kila kitu, mpaka mguu unavyopiga chini, kisisahau ila hicho kimoja: je, ukikuta hamna, utaweza kusema hamna?

Na ukimaliza kupima, muulize mwenye tumbo. Huenda anajua.

Adhana ya magharibi ilitukuta kitanda cha tisa. Kidawa alikuwa akijikanda vidole kwa uchovu, na Hamad ini alikuwa kalipata kulia mara tatu mfululizo, hataki kuacha. Daktari Taherali akasema basi kwa leo.

Mgonjwa wa kitanda cha kumi alikuwa keshafungua vifungo vya shati anatungoja.

"Na mie hamnipimi?"

Nikamfunika shuka.

"Kesho, inshallah. Saa mbili tunaanza na wewe."

"Kadi yangu mmeichukua. Sasa nnaumwa nini?"

"Hatujui bado, Mzee," nikamwambia. "Lala."